Niliwaambia Kile Kimashini Kinanusa Dhahabu, Leo Mdogo Wangu Anakosa Pumzi

Admin, ficha jina langu vizuri, maana nikijulikana hapa Bujumbura kuna wizara nzima itakosa usingizi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mkaaji wa Nyakabiga, na bila mimi utafiti wa migodi wa serikali hausogei hata hatua. Wataalamu wenye diploma zao wananisubiri asubuhi pale Rohero, wamesimama na masanduku, mpaka nitokee. Nimepita barabara za milimani ambazo mbuzi mwenyewe anazishuka kwa makalio. Kuna daraja lilikatika nikiwa bado juu yake, nikafika ng'ambo. Ndiyo, mimi ni dereva. Lakini dereva wa utafiti si dereva wa kubeba nyanya sokoni.

Shule niliachia darasa la sita, mniwie radhi kwa mwandiko.

Nina mdogo wangu, nitamwita Sudi. Mama alipofariki mimi ndiye nilimlea, kwa hiyo neno langu kwake ni kubwa kuliko la imamu. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko kaskazini. Miaka michache iliyopita shefu wetu wa kazi, mama mmoja mpole anayejua mawe kama wengine wanavyojua ndugu zao, alitupeleka kwenye shimo lilelile la Sudi na wenzake. Alibeba vimashini vidogo, ukubwa wa redio ya mkononi, vyenye kamrija ka mpira kanakofika karibu na mdomo. Mchimbaji anakifunga kiunoni, anashuka nacho, kinavuta hewa mchana kutwa. Baadaye laboratwari inapima ni vumbi kiasi gani la mawe linaingia kifuani mwa mtu. Shefu aliwaeleza kwa Kirundi kizuri, ila haraka haraka maana mvua ilikuwa inakuja, kisha akateremka mtoni kuangalia wanavyosafisha dhahabu.

Wachimbaji wakaja kwenye gari.

"Mukubwa, ile kitu inafanya nini kabisa?"

Sikuwa nimesikiliza, nilikuwa nafuta kioo. Lakini mbele ya mdogo wangu ningesema sijui? "Inanusa zahabu," nikasema. "Mutu akificha punje mudomoni, mi naona hapa kwa gari. Taa nyekundu inawaka."

"Apana, mukubwa, unatutania."

"Jaribu basi. Utakuta polisi anakungojea hapa juu, na mi ndiye nitamufungulia mulango."

Mjue kwamba kule, mchimbaji kubaki na punje chini ya ulimi ni desturi. Hata mwenye shimo anajua, anageuza uso, maana ndiyo chumvi na sabuni ya nyumbani. Basi walipofika mdomoni mwa shimo wakavivua vile vimashini, wakavitundika kwenye matawi ya mikaratusi. Vikashinda vinavuta upepo mtamu wa mlimani. Jioni wakapanda, wakavifunga tena viunoni, wakamrudishia shefu kwa heshima zote. Mimi niliona kila kitu kutoka garini, nikacheka peke yangu. Nikarudi Nyakabiga na kuwasimulia watu jinsi mlima mzima ulivyoniogopa.

Majibu yalipotoka nilimsikia shefu akiongea na wenzake nyuma ya kiti changu. "Ajabu, hewa ya lile shimo ni safi kabisa." Wakaamua mashini mpya walizotaka kuwapa wachimbaji, za kutoboa mwamba huku zikimwaga maji, zinazolaza vumbi, ziende mlima mwingine wenye hali mbaya zaidi. Hapo ndipo nilielewa kile kimashini kilikuwa cha nini. Nikaendesha mpaka mjini, sikusema.

Sudi na wenzake wakaendelea kutoboa mwamba mkavu, wanatoka shimoni weupe kama wametoka kinuni.

Sasa yuko kwangu. Hawezi kulala chali, usiku na mchana anakaa ameegemea ukuta na mto tumboni. Daktari aliangalia picha ya kifua akasema mapafu yameshakuwa magumu, dawa ya kuyarudisha hakuna. Mwanaume aliyekuwa anapanda mlima na gunia la mawe huku anapiga mluzi, leo kutoka kitandani mpaka chooni anapumzika njiani. Mke wake, Zaina, ananiambia, "Shemeji, we si mutu wa serikali? Ongea na wale wataalamu wako." Mimi naitikia kwa kichwa.

Kilichonivunja ni wiki iliyopita. Zaina alikuwa ameenda sokoni, tumebaki wawili. Sudi akanishika mkono.

"Kaka. Siku ile ya vimashini nilitoka na punje mudomoni. Ndiyo maana cha kwangu nilikitundika kwa muti. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza juu yangu."

"We ni mudogo wangu."

"Unisamehe, kaka. Ningekutia haya mbele ya wakubwa zako."

Nikamwambia, "Nimekusamehe." Mungu ndiye shahidi, nilimwambia hivyo, naye akafurahi, akafumba macho kidogo.

Mtoto wake mkubwa, baba wa watoto wawili, amechukua nafasi yake kwenye shimo lilelile. Naye ameanza kukohoa asubuhi. Nikimwambia shefu ukweli watapima upya, pengine maji yatafika pale. Lakini atauliza ilikuwaje, kazi itaniponyoka, na habari itafika kitandani kwa Sudi. Atakufa akijua aliyemlea ndiye aliyemdanganya.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, nifanye nini? Niseme sasa, au nimwache kwanza mdogo wangu aondoke na amani yake, huku mwanawe akimeza vumbi lilelile?

Na msiniandikie tu "nenda ukaseme." Nilikwenda Jumatatu. Nilivaa shati langu la Idi, nikabisha hodi kwenye buro ya shefu. Akavua miwani akaniuliza, "Kuna nini, mzee?" Nikamwambia matairi ya nyuma yamekwisha. Akainuka mwenyewe, tukashuka wote mpaka uani kuyaangalia. Yale matairi ni mapya.