Ubao Hupita Mara Moja

Kwa miaka kumi na mmoja Mukamugema amewatazama wanaume wazima, wenye magari na vitambi, wakishindwa kutia kimpira kwenye shimo lililo hatua nne kutoka miguuni pao. Na kwa miaka kumi na mmoja amejiuma midomo asicheke.

Kazi yake ni mchanga. Uwanja wa gofu wa klabu yao, upande wa ziwa, una mashimo sita tu, na majani hayashiki vizuri juu ya makoro, yale mawe ya volkano yaliyotapakaa Goma nzima. Basi kila shimo limezungukwa na duara la mchanga mweusi laini. Mukamugema ndiye anayeuchekecha, asubuhi mapema, baada ya kutoka kwake, mtaa wa Mapendo, kwa miguu. Zamani, kwao Kalengera, alikuwa akichekecha unga wa mtama. Huko angalau watu walikula.

Mpira ukishafika kwenye duara, mchezaji humsubiri yeye. Mukamugema hushika ubao wake wenye mpini mrefu, akauburuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni, akafuta nyayo na kulaza njia. Mara moja tu. Ukiupitisha mara ya pili unaamsha vumbi la chini, na mpira utachoka katikati ya safari. Wanaume wakishikwa na woga humwomba arudie. Huwakatalia wote, na moyoni huwacheka, maana mtu anayetaka njia ifutwe mara mbili keshakosa kabla hajapiga.

Aliyemchosha kuliko wote ni Laurent, prezida wa klabu, mwenye malori ya kubeba maharage kutoka mji wa Kiwanja. Mwaka huu Laurent alipata mwalimu ndani ya simu, mtu wa Ulaya anayefundisha kwamba mpira wa mwisho hupigwa kwa akili, si kwa mikono. Tangu hapo ikawa vituko. Laurent alifumba macho. Alivuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Aliunong'oneza mpira kama mchumba. Alisimama juu yake muda ambao chungu cha maharage kingechemka, kisha akausukuma, nao ukapita pembeni ya shimo bila hata kulisalimu. Halafu akageuka kuukazia macho mchanga.

Jumamosi moja alikuja na kipande cha zulia la plastiki, kijani kama kasuku, akakitandaza mbele ya wanachama.

"Tutaweka hii kwa mashimo yote," alisema. "Mi niko na mental ya nguvu, lakini hii mchanga iko inanikosesha."

Mukamugema alikuwa amesimama na ubao wake. Zulia halichekechwi. Zulia halihitaji mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye magoti mabovu, na hapa mjini hakuna mwingine anayeajiri mtu kwa kulaza mchanga. Hasira ilimpanda ikampita kimo.

"Papa Prezida," alisema, "mchanga haina kosa. Ni kichwa."

Benny, sekretere wa klabu, alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Kichwa ya nani?" aliuliza Laurent.

"Ya ule mwenye kukosa."

Laurent hakukasirika. Alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko hasira. Akamnyooshea fimbo yake. "Basi ingiza, mama. Mara tatu, hapa hapa nakosaka. Ukiingiza zote, mchanga inabakia. Ukikosa hata moja, utatusaidia kutandika hii tapis ya plastiki."

Mukamugema hakuwa mgeni wa fimbo. Asubuhi nyingi, kabla wakubwa hawajaja, alikuwa akijaribu njia zake kwa mipira iliyookotwa, bila pumzi wala minong'ono. Aliburuta ubao mara moja. Akalitazama shimo, akautazama mpira, akausukuma huku akiwaza kama alifunika maharage aliyoyaloweka nyumbani. Mpira ukaingia.

Akaburuta tena, mara moja. Alikumbuka kwamba ndiyo, alifunika. Mpira ukaingia.

Wanaume wakaacha kucheka, na hapo mwenyewe akaonja utamu wa ushindi. Akawaangalia mmoja mmoja. Kufumba macho kote kule, kumbe si lolote!

"Ya tatu, mama," alisema Laurent polepole. "Ni kazi yako hii."

Neno lile lilimwingia. Aliburuta ubao, akaiona njia imelala vizuri. Lakini aliiangalia tena, akaona punje moja imekaa vibaya, au alidhani ameiona. Akawaza kodi ya nyumba, akawaza magoti, akawaza lile kasuku la plastiki juu ya shimo lake. Mikono yake, ambayo haikuwa imemuuliza swali tangu azaliwe, ikaanza kumuuliza.

Akapitisha ubao mara ya pili.

Alijua alichofanya kabla hajaunyanyua. Aliona vumbi laini limeinuka juu, jeusi zaidi. Alisukuma hata hivyo. Mpira ulikwenda sawasawa kabisa, ukichimba mfereji mwembamba kwenye vumbi, ukachoka, ukasimama kidole kimoja kabla ya shimo.

Wanaume wakapiga makofi ya dhihaka. Laurent alikuwa amefurahi mno. Aliuondoa mpira wa Mukamugema kwa kiatu, akanyakua fimbo, akaweka mpira mwingine pale ule ulipoanzia, bila kusubiri ubao, bila kufumba macho, bila pumzi hata moja. Alikuwa bado anamcheka alipougonga.

"Mama, angalia sawa vile banafanyaka!"

Mpira ukaingia ndani ya mfereji wa Mukamugema, ukaufuata mwanzo hadi mwisho, ukatumbukia.

Laurent alirusha mikono juu. Akamkumbatia Benny. Akalitazama shimo, akautazama mchanga, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepatana na ndugu yake. "Munaona? Ni mental! Hii mchanga haina shida. Benny, rudisha tapis."

Mukamugema peke yake ndiye aliyeuona mfereji. Angesema neno moja, zulia lingetandikwa kesho yake.

"Si nilikuambia, mama?" Laurent alimwinamia kwa upole wa mwalimu. "Kila kitu ni kichwa."

"Ndiyo, Papa Prezida," alisema.

Jumamosi iliyofuata Laurent alikosa mipira sita, akaulaumu upepo, na hadithi ya ule mmoja aliisimulia kwa wageni kila shimo. Mukamugema aliisikiliza akiwa ameinama juu ya ubao. Alimdharau kama zamani, kwa moyo wote. Ila dharau ile, aliyozoea kuwapa wengine tu, sasa kila akifika kwenye shimo lile ilimbidi ajipimie na yeye fungu lake. Alikuwa akiburuta mara moja, kisha akiweka ubao mbali kabisa, mahali ambapo mkono wake usingeweza kuufikia.