Kipindi cha Maktaba Hakifutwi

Sogea karibu, ndugu yangu, nikueleze taratibu kazi ya mkutubi wa shule, maana hata walimu wenzangu walidhani ni kutunza funguo tu.

Nilipomaliza stashahada ya ukutubi nilipangiwa sekondari moja hapa Ujiji. Vitabu nilivikuta ofisini kwenye kabati za chuma, vimefungiwa visichakae. Mkaguzi akija vinatolewa, vinang'aa. Akiondoka, kufuli inarudi. Nikavipanga kwenye rafu na kuacha mlango wazi. Walimu wakanibandika jina la Mama Funguo. Nikacheka nao, utani hauui.

Kilichonikera ni ratiba. Kabla ya muhula, walimu hukaa pamoja kuandika maazimio ya kazi, yaani nini kifundishwe wiki gani. Nikasikia kwamba safari hii kipindi cha maktaba kinafutwa, nafasi yake ipewe majaribio ya mtihani. Kikifutwa, mtoto wa mtaa wa Bangwe asiye na vitabu nyumbani atavisoma wapi? Nikabeba kiti changu, nikaingia kikaoni bila kualikwa.

Mwalimu wa taaluma akatabasamu. "Mama Funguo, muda wa chai bado. Hapa tunapanga masomo."

"Ndiyo maana nimekuja na kiti, mwalimu."

Wakacheka, naye akacheka.

Nikamwuliza mwalimu wa jiografia anaanza na mada gani. Akasema uvuvi. Nikamweleza kuwa ninavyo vitabu vitatu vya uvuvi, na haviafikiani: kimoja kinajua bahari tu, si ziwa letu, kingine kimetuzidi umri sote, cha tatu kinawapa dagaa wa Kigoma mstari mmoja. Akaona huo ni upungufu. Nikamwambia hapana, hapo ndipo somo lilipo. Wanafunzi wasome vyote, waulize nani aliandika, lini, na aliyaona wapi. Kisha aliyekulia Kagunga, kule ziwani, baba yake mvuvi, aandike kilichoachwa. Anayewaza kwa Kiha au Kirundi nitakaa naye na kamusi mpaka Kiingereza cha kitabu kimfungukie. Yeye afundishe uvuvi, mimi nifundishe kukihoji kitabu, kipindi kilekile.

Mkuu wa shule akasema tujaribu, ila tusiandike kwanza.

"Hapana, mkuu," nikasema. "Kisichoandikwa kwenye azimio hakifundishwi."

Sikuinuka. Mwisho mwalimu wa jiografia akavuta kalamu, akaandika kipindi cha maktaba kwenye mada yake, akaongeza na mkutubi kuwa mfundishaji mwenza. Mkuu akatia saini. Masomo mengine bado hayajaandika, nami bado sijanyamaza.

Nawe uliye mkutubi, usingoje kualikwa. Kesho mfuate mwalimu mmoja, mwulize wiki ijayo anafundisha nini, kisha mpelekee vitabu viwili vinavyopingana juu ya mada hiyo.