Bima ya Damu

Mbuzi watatu. Abti aliitaja hivyo bei ya kipimo, na mpaka leo siwezi kuifikiria kwa shilingi. Abti ni kaka wa mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, kwa hiyo mimi nilikuwa abti wake na yeye abti wangu. Ndiye aliyeuza ngamia ili mimi niingie chuo kikuu. Katikati ya miaka ya tisini chuo kilifungwa baada ya mgomo, nikawa nyumbani Garissa nabishana na kila mtu. Ndipo siku moja abti akashuka kutoka lori la mifugo lililotoka kwao Hulugho, macho yake manjano kama samli.

Daktari wa hospitali moja mjini alimpima homa ya ini aina ya B, hakuikuta. Sasa alitaka kujua kama ni C, maana dawa na miiko ya kumpa vilitegemea jibu hilo. Kipimo hicho hakikufanyika Garissa. Damu ilipelekwa Nairobi kila Alhamisi, ndani ya kasha la barafu, kwa gari la hospitali lililoondoka saa nne asubuhi.

"Daktari anasema si," abti aliniambia tulipotoka. "Kama si, nauza mbuzi wa nini?"

"Ni herufi, abti. C."

"Najua ni herufi. Nakuchokoza."

Alhamisi tulifika saa mbili. Bei ilibandikwa ukutani kando ya dirisha la malipo: fomu, kipimo, na kusafirisha damu kwa barafu. Safari peke yake ilikaribia bei ya kipimo chenyewe. Nilimuuliza karani kama gari lile linakwenda Nairobi kwa ajili ya abti peke yake.

"Linabeba damu za wote," akasema.

"Basi kwa nini kila mmoja analipa safari nzima?"

"Hiyo ndiyo bei."

"Nauliza hesabu yake."

"Kijana, umesoma sana. Sindano na glavu mmeleta?"

Hatukuleta. Zilikuwa siku za wagonjwa kuchangia gharama, na kuchangia kulimaanisha kununua hata sindano ya kudungwa nayo. Nilimwacha abti kwenye foleni na fomu ya maabara mkononi, nikamwambia akifika dirishani aseme amekuja kupima damu, nikatoka kwenda duka la dawa nje ya lango.

Kosa langu lilikuwa hapo. Ulimi wa abti, kama wa wazee wetu wengi, hauna p, na v huigeuza f. Pesa ni besa, polisi ni bolisi. Tangu utotoni nilikuwa namcheka kwa hilo, na siku hiyo halikunijia akilini.

Alipofika akasema, "Nimekuja kubima damu."

Karani hakuinua macho. "Bima dirisha la tatu."

Abti akaenda dirisha la tatu, akapanga foleni nyuma ya walimu na wafanyakazi wa serikali wenye kadi mkononi. Duka la kwanza halikuwa na glavu, la pili lilichelewa kufunguliwa. Niliporudi nilimkuta mbele ya binti wa bima, amekunja mkono wa shati.

"Mzee, nimekuuliza bima iko wapi," binti alikuwa anasema.

"Bima ni hii," abti akajibu, akiugonga mshipa wake kwa kidole.

"Mwandikie tu, dada," mwalimu mmoja akasema nyuma yake. "Huyo amekuja na mali yenyewe."

Foleni nzima ikacheka. Abti naye akacheka, bila kujua wanacheka nini. Sijawahi kuwasamehe.

Nilimvuta tukarudi mkiani mwa foleni ya malipo. Tulipokata risiti, saa nne ilikuwa imepita. Mtu wa maabara alimtoa damu, akatuambia gari limeshaondoka. Chupa ingekwenda na basi la mchana, ndani ya katoni.

"Na barafu?" nikauliza.

"Barafu imeenda na gari."

Nikarudi kwa karani nikataka aturudishie pesa ya barafu. Akasema risiti ikishakatwa imekatwa.

"Mzee mwenye macho ya manjano amekuonyesha fomu ya maabara, ukamtuma kwenye bima?"

"Alisema bima."

"Alisema kupima."

"Ulimsikia? Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nanunua glavu zao.

Abti alikaa kwetu wiki tatu akingoja. Jibu lilipokuja lilikuwa kikaratasi chenye muhuri wa neno moja: RUDIA. Damu ilikuwa imeharibika kwa joto njiani. Pale dirishani karani akatuambia kurudia ni bei ileile, pamoja na usafiri.

Nilifungua mdomo, abti akanigusa bega. Akasema polepole, "Mimi nabeleka mbuzi Nairobi kwa lori. Mnyama akifia kwa lori yangu, simwambii mwenye bucha alibe mara ya bili. Damu yangu imekufa kwa gari yenu."

"Mzee, hii si mbuzi."

"Ndiyo. Mbuzi iko na mwenyewe."

Akageuka akatoka. Nilimfuata mpaka langoni nikimwambia nitauza redio yangu, nitauza saa, wiki ijayo tutalipa tena na nitasimama naye dirishani. Akakataa. Nikamwambia hicho ni kiburi, na kiburi kitamuua.

"Kiburi," akarudia. "Hiyo naweza kusema fizuri."

Jumamosi alipanda lori la Hulugho. Watu wa nyumbani husema ilikuwa bahati mbaya: foleni, ulimi, joto. Bahati mbaya haina bei ukutani. Ile ilikuwa na bei, ilikuwa na muhuri, na tuliilipa yote, barafu ambayo hatukuiona ikiwemo.

Alifariki mwaka uliofuata, tumbo limejaa maji. Nilipewa cheti cha kifo nikisome kwa sauti ili mama aelewe. Kiliandikwa ugonjwa wa ini. Mama akaniuliza ni ile herufi ya daktari au siyo. Niligeuza karatasi nikatazama nyuma. Herufi hawakuandika.