Chef Hakufika Kilioni

Mama yangu alikufa Jumatatu, na kufika Jumatano nilikuwa namchukia chef wangu, mkubwa wangu wa kazi, kuliko kifo chenyewe.

Nilikuwa karani wa ghala la vipuri katika garaji ya malori ya migodi, hapa Lubumbashi. Chef alitoka Ulaya, nchi ya baridi. Hakugomba, hakutukana, kila agizo alilitia "tafadhali". Nilipompa habari ya mama, alinipa siku tano za msiba papo hapo, akaniandikia mistari mitatu ya pole kwenye kompyuta. Basi.

Kilio kilikuwa kwetu, mtaa wa Naviundu. Chef wa kazi akifika kilioni, hata dakika kumi, hata akikaa bila kusema kitu, ukoo mzima unajua mutoto wao ni muntu mbele ya bantu. Chef wetu wa zamani, mtu wa hapa hapa, alituita mbuzi asubuhi mpaka jioni. Lakini hakukosa kilio hata kimoja. Anaketi na wazee, anakula bukari, ugali wetu, kwa mkono, na sisi tulimsamehe yote. Huyu mpole, mjomba alimwekea kiti cha mbele siku tatu. Siku ya pili mjomba akaniuliza, "Chef yako iko wapi?" Siku ya tatu hakuuliza tena, akakikalia mwenyewe. Aibu ile ilinichoma mpaka mfupani.

Nikajiambia, malipo ni hapa hapa duniani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata baba yake chef akafa. Alikwenda kwao kuzika, akarudi baada ya wiki moja, amekonda, macho mekundu. Kabla hajarudi nilikuwa nimepita kwa mafundi, kwa madereva, ofisini kote: asiende mtu kumpa pole, asiguse mtu mlango wake. Kwetu, kumnyamazia mfiwa ni kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua marehemu. Ndiyo nilitaka asikie. Mama anayefagia ofisi alisitasita.

"Ule naye ni muntu," aliniambia.

"Mama, ukiingia mule na pole yako, miye na weye tumemalizana."

Akarudi na ufagio wake.

Siku nne hakuna aliyemsogelea. Nilikuwa namwona kwa dirisha la ghala anavyokula peke yake, na chakula changu kilishuka vizuri, sikufichi.

Siku ya tano alituita wote uwanjani kabla ya kazi. Nikafurahi, leo atalia mbele yetu. Akasema kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba kwao heshima kubwa ni kumwacha mfiwa na majonzi yake. Aliogopa kurudi, alijua tungemjazia ofisi, tungemshika mikono, naye asingevumilia. Kumbe tulimwelewa. Hata ndugu zake wa damu hawakumtendea hivyo.

Kisha akanijia mimi.

"Nimeambiwa ni wewe uliyewaomba waniache," alisema. "Mama yako alipokufa, mara mbili niliwasha gari nije. Nikajizuia nisikusumbue. Sasa naona ulinielewa."

Mafundi waliinamisha macho. Mama wa kufagia alinikazia macho mimi tu. Chef alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, ananishukuru kwa kisasi nilichokipika mwaka mzima.

"Ndiyo, chef," nikasema. "Ni miye."