Wiki Zangu Tatu za Kuendesha Rada

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na sita na sikujua rada ni nini. Nilidhani ni mambo ya manahodha. Ninyi wa kidato cha kwanza mnaoingia chama cha sayansi sasa, hebu niwaeleze tulivyofanya kazi zamani, yaani muhula uliopita.

Mwalimu wa Fizikia alitukabidhi dishi kuukuu la televisheni, mota, na vihisio viwili vilivyong'olewa kwenye mlango wa hoteli huko Diani, ile milango inayojifungua yenyewe.

"Hivi navyo ni rada ndogo," alisema. "Hutoa mawimbi, na kitu kinachosogea huyarudisha kama mwangwi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada za nchi kavu zilipima mwangwi wa kushoto na wa kulia. Penye nguvu ndipo dishi lilipogeukia, na mzinga nao ukageuka, mpaka ndege ikakosa pa kujificha."

Tukafunga vihisio kwenye dishi, kimoja kushoto na kimoja kulia, na mota ya kuligeuza. Ndege yetu ilikuwa sinia. Hamisi, mwenyekiti wetu, alilivuta kwa kamba upande wa kushoto. Mimi nilikaa kwenye swichi, na wenzetu sita kwenye benchi la kulia. Dishi lililifuata sinia vizuri sana. Lakini kila mwalimu alipoingia, liliacha kazi likalikodolea macho benchi.

Tukabadilisha betri. Tukabadilisha nyaya. Hamisi akasema chumba kina jini, nami nikachanganyikiwa zaidi: jini gani huyu anayetokea mbele ya walimu tu?

Mwalimu mkuu akatupa hadi Ijumaa. Rada ifuate ndege mbele yake, au chumba tulichopewa kirudi kuwa stoo ya mahindi.

Alhamisi, Mwalimu wa Fizikia aliingia nikiwa na mabuyu mdomoni. Wote wakasimama, "Shikamoo, mwalimu!" Mimi nikabaki nimeinama, naficha shavu. Ndipo nikaona: benchi liliponyanyuka tu, dishi likageuka. Watu sita wanaosimama kwa pamoja wana mwangwi mkubwa kushinda sinia moja. Jini mwenyewe alikuwa adabu yetu.

"Kesho hakuna kusimama," nikawaambia.

"Tusimsimamie mwalimu mkuu?" Hamisi akashtuka. "Mwenzangu, wataka tuzikwe Tiwi au Msambweni?"

Siku ya Ijumaa mwalimu mkuu akaingia. Tukamwamkia tumekaa kama masanamu. Hakuitikia marahaba. Dishi likafuata sinia, likaenda na kurudi nalo, lakini yeye alikuwa akitutazama sisi.

"Nani aliyewafunza haya?"

"Ni mimi, mwalimu."

Akanijia kwa hasira. Dishi likaacha sinia, likamfuata. Akasimama, likasimama. Akarudi nyuma hatua mbili, likarudi naye. Akajaribu tena, polepole, na safari hii nikaona mdomo wake unapambana na kicheko.

"Walau hili linanitazama," akasema. "Chumba ni chenu. Lakini wewe Mwanasiti, kazi yako imekwisha leo. Siwezi kumwacha kwenye swichi mtu anayefunza wenzake utovu wa adabu."

Hivyo nikastaafu. Mpaka sasa sielewi kama nilifukuzwa kwa kukosea au kwa kupatia. Nikimwona mwalimu mkuu kule langoni, nasimama mapema kabisa. Ila bado najiuliza: wale waliokaa mbele ya rada wakati wa vita, mkubwa wao alipoingia, walinyanyuka?