Chonge Zilizobakiza Upana wa Kidole

Hakwa, jirani yangu hapa kisiwani Ambae, alimlisha nguruwe wake kwa mkono miaka saba. Alimng'oa chonge za juu angali mdogo ili za chini zipate nafasi ya kujikunja, na tangu hapo akawa anampondea viazi vikuu, maana nguruwe akichimbachimba huzivunja. Zilikuwa zimebakiza upana wa kidole zifunge duara. Zikifunga, Hakwa angemchinja mbele ya watu na kupanda daraja la heshima kimila ambalo baba yake alikufa bila kulifikia. Hakuwa na nguruwe mwingine, wala umri wa kumlea mwingine.

Mlima ulipoanza kutema majivu, wataalamu walisema tuondoke wote kwa meli, watu tu. Hakwa alimfunga nguruwe kamba, akamrundikia viazi. Tuliporudishwa tulimkuta mbavu nje, lakini chonge ni nzima.

"Huyo kidogo tu angekutangulia kwa baba yako," mkewe Nesta alimtania.

Wataalamu wakasema mlima umetulia, Hakwa akaalika watu kwa siku ya kumchinja. Kabla siku haijafika, majivu yakaanza kuangusha paa za jikoni. Lorna, msichana mtaalamu wa volkano, akaja kutuambia tuondoke tena.

"Si ulisema umetulia, mwanangu?" Hakwa alimuuliza.

"Nilisema, baba. Tulidhani moto umebaki karibu na ziwa la kileleni tu. Sasa vipimo vinaonyesha mwingine unapanda kutoka chini zaidi."

"Na mwezi ujao mtasema nini?"

"Sijui, baba."

Nilikuwa na matusi yangu tayari, nikayameza. Macho ya Lorna yalikuwa mekundu kwa majivu kama yetu. Ungemtukana nani?

Safari hii Hakwa naye alibadili mawazo. "Kamba nusura imuue," alisema. "Namfungulia ajitafutie." Sote tuliona kasema la maana.

Tulikaa ugenini muda mrefu. Mvua iliyaloanisha majivu, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, na nguruwe alikuwa akichimba humo humo. Siku tuliporudi, aliposikia sauti ya Hakwa alikuja mbio, amenona, anafurahi. Chonge zote mbili zilikuwa zimekatika kwenye ufizi.

Hakwa aliketi chini, akaponda kiazi, akamnyooshea kiganja.

"Mwache atafune mwenyewe," Nesta alimwambia taratibu. "Unamlindia nini tena?"

"Sijui kumlisha namna nyingine," alisema Hakwa.