Evodia na Gari la Uchunguzi

Kwa miaka sita Evodia alipita nyumba kwa nyumba pale Ihanja akiwafundisha wanawake kujipapasa matiti kutafuta dalili za saratani. Hakuwa muuguzi. Alikuwa mkulima wa alizeti aliyepewa semina ya wiki moja, fulana, na kazi ya kuwakusanya kina mama zahanati kila gari la uchunguzi lilipokuja. Mwanzoni walimkimbia. Mzee mmoja alimfukuza uani kwake, akisema anawafundisha wake za watu uhuni. Wiki iliyofuata Evodia alirudi, akampa shikamoo kama vile hapakutokea kitu, na mwishowe mke wa yule mzee akaja kupimwa.

Aliyemtoa jasho zaidi ni jirani yake, Dorkas. Alikuwa na uvimbe kama punje ya hindi kwenye titi la kushoto, na aibu kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Miaka miwili alikataa kupimwa. Mwezi wa kumi na moja, wakitayarisha mashamba, akasema mwenyewe, "Dada, nimekubali. Twende mjini hata kesho."

"Ya nini kuhangaika, mdogo wangu? Gari linakuja Januari. Watakupima hapahapa."

Januari gari halikuja. Evodia alimpigia simu msimamizi wa mradi, akaambiwa asubiri. Februari, vilevile. Machi yule msimamizi alipokea kwa sauti ya chini: wafadhili wameondoa fedha, mradi umefungwa, na yeye mwenyewe hana kazi.

"Mbona hamkutuambia?"

"Hata sisi tulikuwa hatujui, mama."

Walipofika hospitali ya mjini, ngozi ya titi ilikuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Dorkas alikatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa mbali kupimwa, na majibu yakachukua wiki saba. Daktari hakuwaficha. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini, kilichobaki ni dawa za maumivu.

"Mngekuja mapema," alisema, bila ukali.

"Alitaka kuja," Evodia akajibu. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Dorkas akamshika mkono. "Hukujua, dada."

Evodia alitamani Dorkas amtukane.

Sasa kila asubuhi Evodia anakwenda kumsafisha Dorkas kidonda kilichofunguka kwenye titi, kwa maji ya chumvi. Hawazungumzi sana. Dorkas amekuwa mwepesi, Evodia humgeuza kwa mkono mmoja.

Juzi, akitoka huko, alimkuta Jenifa, mke wa fundi baiskeli, akimngoja njiani.

"Nimejipapasa ulivyotufundisha," Jenifa alisema. "Nimekuta kitu. Gari litakuja lini?"

"Haliji tena. Nenda mjini kesho, usisubiri mtu yeyote."

"Mume wangu hataniruhusu kwenda mjini."

"Nitakuja kuongea naye."

"Usije, dada. Atajua nimekwambia."

Evodia alimsihi mpaka maneno yakamwishia. Jenifa aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu ambaye hatakwenda.